Upasuaji wa mtoto mdogo: arudi nyumbani siku hiyohiyo au alale wodini?

Daktari akishasema mtoto atapasuliwa, swali linalofuata huulizwa harakaharaka, mara nyingi mzazi akiwa ameshika fomu mkononi: aje asubuhi na kurudi jioni, au alazwe? Wengi hujibu kwa kutazama mfuko, wengine kwa kusikiliza hofu yao. Ukubwa wa kidonda nao unapotosha. Henia hupasuliwa kwa mkato mdogo tu kwenye kinena, lakini wapo watoto wa henia ambao ni lazima walale wodini wakipimwa oksijeni usiku kucha. Cha kupima hasa ni usiku wa kwanza. Mtoto akibadilika hali saa 8 usiku, nani atamwona, na itachukua dakika ngapi kumfikisha kwa mtu anayeweza kumsaidia?

Hapa tunalinganisha njia hizo mbili kwa watoto wa hadi miaka 7 hivi, kwa upasuaji uliopangwa: henia ya kinena, ngiri maji (maji yaliyojaa kwenye mfuko wa korodani), korodani ambayo haijashuka, tonsili na nyama za pua. (Kitovu kilichotokeza ni habari nyingine. Kwa wengi hujifunga chenyewe, na madaktari kwa kawaida husubiri mpaka miaka 4 au 5. Kufunga sarafu juu yake hakusaidii, huleta vidonda tu.)

Ambao hawana la kuchagua

Kuna watoto ambao kwao swali limeshajibiwa.

Wa kwanza ni njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wakati. Hesabu wiki alizokaa tumboni, ujumlishe na wiki tangu azaliwe. Jumla ikiwa chini ya 60, alale. Aliyezaliwa wiki ya 30 na sasa ana miezi 4, yaani kama wiki 17, amefika 47 tu. Watoto hawa baada ya nusu kaputi huweza kusimama kupumua kwa sekunde kadhaa, hata saa nyingi baada ya kuamka wakiwa wachangamfu, na nyumbani huwezi kuliona hilo ukiwa umelala. Aliyetimiza miezi yake lakini bado ana chini ya wiki 4 naye kwa kawaida hulazwa.

Wa pili ni mwenye selimundu (sikoseli). Kwake adui ni kiu, baridi na upungufu wa oksijeni, kwa sababu ndivyo vinavyofanya chembe za damu zipinde na kuziba mishipa. Mara nyingi huingizwa wodini siku moja kabla ili apimwe damu na awekewe dripu wakati amefunga kula. Kama kwenu kuna historia ya ugonjwa huu na mtoto hajawahi kupimwa, mpime kabla ya tarehe ya upasuaji kupangwa.

Wa tatu ni mtoto wa tonsili aliye chini ya miaka 3, au anayekoroma huku pumzi ikikatika usingizini. Mrekodi kwa simu usiku mmoja akiwa amelala, umwonyeshe daktari. Dakika mbili za video hiyo zina faida kuliko maelezo yako marefu. Ongeza hapo wenye ugonjwa wa moyo, kifafa au pumu isiyotulia.

Waliobaki, ambao ndio wengi, wana njia mbili.

| | Kwenda na kurudi | Kulazwa |
|---|---|---|
| Kufunga kula | Unasimamia wewe | Inategemea ratiba ya wodi |
| Usiku wa kwanza | Kitanda chake, macho yako | Muuguzi yupo, ila ana wagonjwa wengi na wodi ina kelele |
| Gharama inayosahaulika | Gari la kurudi, na la kurudi tena mambo yakiharibika | Chakula cha anayemuuguza, siku za kazi, watoto waliobaki nyumbani |
| Linaloharibika zaidi | Mtoto kulishwa kwa huruma asubuhi | Mtoto kushinda na njaa kupita kiasi |

Henia na tonsili hazina usiku mmoja

Mtoto wa henia, ngiri maji au korodani kwa kawaida hupewa pia ganzi ya sehemu, aidha kwenye kidonda au kwa sindano ya chini ya mgongo, juu ya makalio. Hiyo ya mgongoni humwacha bila maumivu kwa saa kadhaa, lakini miguu nayo hulegea. Ataamka mzima kabisa, ataruka kitandani kama kawaida yake na kuanguka. Mbebe mpaka uone anasimama mwenyewe bila kuyumba. Jambo la pili: ganzi hiyo huisha jioni, mkiwa mmeshafika nyumbani, na maumivu huja kwa mkupuo. Dawa ya maumivu itolewe kabla ya hapo, wakati bado anacheza na wewe unaona kama haihitaji. Akivuka usiku huo kwa dawa na akakojoa vizuri, kazi kubwa imeisha. Kwa mtoto huyu, kama ni mzima na mnakaa ndani ya saa moja kutoka hospitali, tunachagua nyumbani bila kusita.

Tonsili ni habari nyingine. Hatari yake ni damu, nayo ina vipindi viwili: saa 24 za kwanza, kisha kati ya siku ya 5 na ya 10, utando mweupe wa kooni unapobanduka. Utando huo ni kidonda kinachopona wala si usaha, hivyo usimsugue. Mtoto anayetoka damu kooni huenda asiteme hata tone, kwa sababu anaimeza. Mtazame akiwa amelala: anameza mate mara kwa mara, kila baada ya muda mfupi, kama anayekunywa. Washa tochi ya simu umtazame mdomoni. Akitapika kitu cheusi kama masimbi ya kahawa, au ukaona damu mbichi hata kijiko kimoja, ni hospitali saa hiyohiyo, bila kungoja kupambazuke. Kwa hiyo kwa tonsili tunaegemea kulazwa usiku wa kwanza, labda mtoto awe na zaidi ya miaka 3, halali kwa kukoroma na kukatika pumzi, na gari lipo mlangoni. Kulazwa huko hakukuondolei siku ya 5 hadi ya 10. Wiki hizo mbili zisiwe za safari ya kwenda kijijini kwa bibi.

Kufunga kula: nyumbani huharibika kivingine, wodini kivingine

Tumbo likiwa na kitu wakati wa nusu kaputi, kinaweza kupanda na kuingia mapafuni, na mtoto aliyelazwa kwa dawa hawezi kukohoa akitoe. Hesabu inayotumika sana ni hii: chakula kigumu au chepesi, maziwa ya kopo na uji, masaa 6, chakula chenye mafuta mengi, masaa 8, maziwa ya mama, masaa 4, maji, masaa 2. Miongozo ya Ulaya ya mwaka 2022 imelegeza zaidi, ikiruhusu maji mpaka saa moja kabla, lakini fuata ulichoambiwa na daktari wa usingizi atakayemhudumia mwanao.

Kama upasuaji ni saa 3 asubuhi, basi chakula cha mwisho ni kabla ya saa 9 usiku, titi la mwisho saa 11 alfajiri, maji ya mwisho saa 1 asubuhi. Angalia fomu kwa makini. Nyingi huandikwa kwa saa za Kizungu, na "2" ya kwenye karatasi ikisomwa kama saa 2 ya kwetu, mtoto atakunywa uji asubuhi na upasuaji utaahirishwa. Mwombe muuguzi akutajie saa kwa mdomo, kisha uandike mwenyewe pembeni.

Maji maana yake ni kitu unachoweza kuona upande wa pili wa glasi: maji, chai ya rangi, maji ya glukosi. Uji mwepesi ni chakula hata ukiwa mwepesi vipi. Chai ya maziwa ni maziwa. Juisi ya embe ni chakula.

Ukiwa nyumbani, adui yako ni huruma ya watu. Bibi, dada wa kazi, kaka yake mwenye miaka 5 aliyeficha biskuti, kila mmoja anaweza kuvuruga. Waambie wote usiku ule, na sababu uitaje wazi: akila anaweza kupaliwa na kufa. Chakula cha wengine kiliwe mbali naye. Na ikitokea amekula, sema. Kuahirishiwa siku ni hasara ndogo mno ukilinganisha na mapafu yaliyojaa uji, na hakuna muuguzi mwenye akili atakayekugombeza kwa kusema kweli.

Wodini ni kinyume. Watoto wote huambiwa wasile tangu usiku wa manane, kisha orodha ya thieta inaanza, dharura inaingia katikati, na wa mwisho anafika saa 8 mchana akiwa amekauka midomo. Hapa mzazi anayeuliza kwa adabu anafaidi. Uliza jioni: mwanangu ni wa ngapi kwenye orodha? Kwa kawaida wadogo huwekwa mwanzo, na wa selimundu au wa kisukari pia. Ikifika saa 4 asubuhi na hajaitwa, uliza tena: bado anaweza kupewa maji? Awekewe dripu? Swali hilo halimkoseshi mtu heshima, na mara nyingi jibu ni ndiyo.

Kumwambia lini, na kwa maneno gani

Hapa njia zote mbili zinakaribiana, isipokuwa kwamba wa kulazwa ana jambo moja zaidi la kuelezwa, yaani usiku wa ugenini. Mwenye miaka 2 au 3 aambiwe siku moja kabla. Ukimwambia wiki nzima kabla, unampa wiki ya vitisho. Wa miaka 4 hadi 6, siku 3 hadi 5. Wa miaka 7 anaweza kuambiwa wiki moja kabla, na maswali atakuletea mwenyewe, kwa kawaida wengine wakishalala.

Acha tangu leo ule usemi wa "ukilia namwita daktari akuchome sindano." Mtoto aliyekua nao haamini daktari yeyote, na utalipia siku hiyo mlangoni pa thieta. Maneno "kukata" na "kupasua" nayo yaache kwa wakubwa. Mwambie hivi, kwa mfano: "Mwanangu, kesho kutwa tunaenda hospitali. Kile kivimbe chako daktari atakitengeneza. Kuna mtu kazi yake ni kukupa dawa ya usingizi, atakaa na wewe mpaka wamalize, na hutasikia chochote. Ukiamka patauma kidogo, tutakupa dawa." Watoto wa miaka 5 na kuendelea huogopa kuamka katikati, ama wasiamke kabisa, kwa hiyo hilo la mtu anayekaa naye lisisahaulike.

Usiahidi usichokimudu. "Sindano haiumi" ni uongo utakaogunduliwa ndani ya sekunde moja. "Ukifumbua macho utaniona mimi" ni ahadi nzuri, lakini kwanza uliza kama wazazi huruhusiwa chumba cha kuamkia. Hospitali nyingine humleta mtoto kwa mzazi akiwa tayari ameamka.

Barakoa au kanula?

Anayeingia asubuhi kutoka nyumbani mara nyingi hulazwa kwa gesi kupitia barakoa, kisha kanula, mrija mdogo wa kupitishia dawa kwenye mshipa, huwekwa akiwa hajitambui. Aliyelala wodini huenda ana kanula mkononi tayari, na dawa hupitia hapo. Ukipewa nafasi ya kuchagua, barakoa inamfaa mdogo anayeogopa sindano kuliko kitu kingine. Huchukua dakika moja au mbili. Kanula ni ya haraka zaidi, na ndiyo salama kwa mtoto mwenye hatari ya kutapika. Ipo krimu ya ganzi ya kupaka juu ya ngozi, nayo inataka karibu saa nzima ili ifanye kazi, kwa hiyo kuiomba ukiwa mlangoni ni kazi bure. Pasipo na mashine ya gesi, ketamini hutumika sana: mtoto hulala macho wazi, mboni zikichezacheza, mate yakimtoka. Ni kawaida ya dawa hiyo, usidhani yuko macho.

Mzazi kuingia thieta ni jambo linalopiganiwa sana, pengine kuliko linavyostahili. Tafiti zilizolinganisha mambo haya zimeonyesha kwamba dawa ya kutuliza ya kunywa, kama midazolamu iliyotolewa nusu saa kabla, hupunguza hofu ya mtoto kwa uhakika zaidi kuliko mzazi kuwepo. Ukiruhusiwa, aingie aliye mtulivu, hata kama ni shangazi. Na ajue atakachokiona: kwa gesi mtoto hurusha mikono, hukoroma, macho hupanda juu, kisha hulegea kama nguo. Mama asiyeambiwa mapema hupiga kelele, na kelele hiyo ndiyo ya mwisho mtoto kuisikia.

Nusu ya kazi ya asubuhi hiyo iko mwilini mwa mtoto. Asipakwe mafuta kifuani, vibandiko vya kupima moyo havitashika. Rangi ya kucha, piko na hina nyeusi huweza kuvuruga kifaa cha kidoleni kinachosoma oksijeni. Toa rangi, na piko aipakwe harusi nyingine. Shanga za nywele, hereni na bangili vibaki nyumbani. Jino linalotikisika litaje, kwa sababu linaweza kung'oka na kuingia kwenye njia ya hewa. Hirizi, kama mtoto anayo, mara nyingi hukubaliwa ishikwe na mzazi au ifungwe kitandani ukiomba kwa utaratibu.

Akiamka

Wenye miaka 2 hadi 5, hasa waliolazwa kwa gesi, wengine huamka kama waliopandwa na mashetani: wanalia, wanapiga, hawamtambui hata mama. Hudumu dakika chache hadi nusu saa na hupita bila kuacha kumbukumbu. Mshike asijiumize, shika mkono wenye kanula, ongea kwa sauti ya chini. Anayerudi nyumbani haruhusiwi mpaka awe macho kabisa, maumivu yametulia na hatapiki mfululizo. Usishinikize kuondoka kwa sababu foleni ya jioni inakaribia. Na bodaboda isiwe usafiri wa kurudi.

Ukichagua wodi

Uliza mapema nani anaruhusiwa kulala. Wodi nyingi za watoto hazikubali mwanamume usiku, kwa hiyo baba anayepanga kupokezana na mama ajipange kwa mchana. Atakayelala atakaa kwenye kiti au kubanana na mtoto kitandani. Beba khanga mbili au leso (moja isifuliwe, iwe na harufu ya nyumbani), blanketi, beseni, kikombe na kijiko, sabuni, chupa ya maji moto, chaja, nepi za ziada. Kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa na karatasi za bima ziwe kwenye mfuko mmoja. Tanzania huenda ukahitaji barua ya rufaa. Kenya hakikisha mtoto ameandikishwa SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Fomu ya ridhaa husainiwa na mzazi au mlezi wa kisheria. Bibi aliyemleta mjukuu peke yake, wazazi wakiwa mbali, mara nyingi hukwama hapo.

Ukichagua nyumbani

Parasetamoli ni miligramu 15 kwa kila kilo, si zaidi ya mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 12 anahitaji miligramu 180. Kwa sharubati ya miligramu 120 katika mililita 5, hiyo ni mililita 7.5. Pima kwa sirinji isiyo na sindano, maana vijiko vya jikoni havilingani. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, usichanganye. Aspirini asipewe kabisa. Kodeini pia hapana: mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo lake kali kabisa mwaka 2017 kwamba walio chini ya miaka 12 wasipewe, kwa kuwa miili ya watoto wengine huigeuza mofini haraka mno na wakaacha kupumua usingizini, hasa baada ya tonsili.

Kwa siku kadhaa, hata wiki mbili, anaweza kukojoa kitandani, kushtuka usiku au kuganda mgongoni mwako. Hutokea kwa waliolazwa na kwa waliorudi siku hiyohiyo. Asichekwe.

Kama hospitali iko mbali na daktari anasema hakuna haja ya kulazwa, kuna njia ya katikati ambayo wachache huifikiria: laleni usiku huo kwa ndugu au nyumba ya wageni iliyo karibu na hospitali, mrudi kwenu kesho yake. Na akiamka na mafua au kikohozi siku mbili tatu kabla, piga simu kabla ya kupanda basi. Njia ya hewa iliyowashwa na mafua hubana ghafla wakati wa nusu kaputi, na upasuaji usio wa dharura kwa kawaida husogezwa wiki 2 hadi 4 mbele.